Kwa nini klabu za michezo za wanafunzi vyuoni hufa waanzilishi wakihitimu?

#1 Katibu wa Wavu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, na kwa wiki mbili sasa ni katibu wa klabu ya mpira wa wavu, cheo nilichopewa kwa sababu nilichelewa kufika kikaoni na waliowahi walikuwa wamekwisha kukikataa. Klabu nimeikuta hivi: nguzo mbili zipo, wavu umechanika upande mmoja, mipira sita imefungiwa stoo, na ufunguo wa stoo uko Mbeya kwa mwenyekiti aliyehitimu mwaka jana. Daftari la wanachama halijulikani liliko. Kwenye kundi la WhatsApp tuko themanini na mmoja. Mazoezini Jumanne tulikuwa saba, na mmoja kati ya hao saba alikuwa anamsubiri rafiki yake.

Nilipouliza historia nikaambiwa kwamba hii ni mara ya tatu klabu hii "kuanzishwa". Anatokea mtu mwenye moyo, anaifufua, inang'ara, anahitimu, inakufa. Wakati huohuo klabu ya kikapu, iliyo chini ya mshauri wa wanafunzi huyohuyo na yenye uwanja mbovu kuliko wetu, haijawahi kufa tangu watu waanze kukumbuka. Naomba wenye uzoefu wanieleze: ni nini kinachoiacha klabu moja hai na kuiua nyingine? Nawasilisha.

#2 Mzee wa Benchi

Ikiwa ufunguo uko Mbeya, basi klabu yenu haijafa, imehama. Vunjeni kufuli kwanza, kisha tuje kwenye falsafa.

#3 Mwalimu Filimbi

Kijana, nilikuwa afisa michezo wa chuo kwa miaka kumi na minne kabla ya kustaafu, na jibu langu ni la hesabu tu. Shahada zetu nyingi ni za miaka mitatu, lakini mwanamichezo wa klabu hana miaka mitatu. Mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, anatafuta chumba, anasubiri fedha za Bodi ya Mikopo na kujifunza majengo. Uwanjani anafika muhula wa pili, akiwa na aibu. Mwaka wa tatu ana utafiti wake, ana hofu ya kubaki na masomo ya kurudia, na akili yake imekwisha kwenda kwenye ajira. Ukitoa pia wiki za mitihani na miezi ya mafunzo kwa vitendo, anayebaki ni mtu wa mwaka mmoja na kidogo.

Sasa sisi tunafanya nini? Tunamchagua mwenyekiti kutoka mwaka wa tatu kwa sababu ndiye mchezaji bora na ndiye anayeheshimiwa. Tunamkabidhi klabu mtu ambaye amekwisha kufunga begi. Kwetu niliwalazimisha waandike kwenye katiba kwamba mwenyekiti atoke mwaka wa pili na naibu katibu atoke mwaka wa kwanza. Klabu mbili zilizokubali kanuni hiyo niliziacha hai nilipostaafu. Moja iliyokataa ilikuwa na wachezaji wazuri kuliko zote.

#4 Mzee wa Benchi

Mwalimu, shikamoo. Kwa hesabu yako ni bora klabu zote ziongozwe na wanafunzi wa uhandisi, ambao wanakaa miaka minne, au wa udaktari, ambao wanakaa mitano.

#5 Mwalimu Filimbi

Marahaba. Wa udaktari nilijaribu. Alichaguliwa Oktoba na tukamwona tena Juni.

#6 Mhasibu Mpole

Naheshimu hesabu ya Mwalimu katika #3, ila mimi nilikuwa mweka hazina wa klabu ya mpira wa mikono na nina hesabu nyingine. Tulikubaliana mchango wa shilingi 3,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, bumu (fedha za mkopo) likiwa limetoka, walilipa watu 22, tukapata 66,000. Mwezi wa tatu walilipa tisa. Mwezi wa tano walilipa wanne, na mmoja wao nilikuwa mimi. Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba asiyelipa haachi kulipa tu, bali anaacha na kuja, kwa sababu anaona haya kukutana na mweka hazina kando ya uwanja. Mchango wa kila mwezi uliwafukuza wachezaji wengi kuliko kocha yeyote mkali.

Mwaka uliofuata tuliufuta. Tukaweka shilingi 10,000 kwa muhula, inayolipwa mara moja ndani ya wiki ambayo bumu limetoka, na anayeshindwa kabisa anapewa kazi ya kuchora mistari ya uwanja au kutunza mipira kwa muhula mzima. Fedha tuliweka kwenye akaunti ya kikundi ya simu, ile ya M-Koba, ili zisikae kwenye namba ya mtu mmoja. Mwaka wa nyuma mweka hazina alikuwa ametunza fedha za klabu kwenye namba yake binafsi, simu ikaibwa Ubungo, na mpaka leo kuna wanaoamini kwamba haikuibwa. Klabu haikufa kwa kukosa fedha, ilikufa kwa minong'ono.

#7 Mjumbe wa Zamani

Nimewahi kuwa waziri wa michezo katika serikali ya wanafunzi, kwa hiyo nitajitetea kabla sijashambuliwa. Tatizo la msingi ni kwamba klabu ya wanafunzi ina mabwana wawili. Afisa michezo wa chuo anataka timu ya chuo itakayokwenda kwenye mashindano ya SHIMMUTA na kurudi na kombe. Serikali ya wanafunzi inataka bonanza lenye muziki na watu wengi kabla ya uchaguzi. Hakuna kati yao anayehitaji klabu inayofanya mazoezi Jumanne na Alhamisi mwaka mzima. Afisa huita wachezaji wiki tatu kabla ya safari, huchagua kumi na wawili, na wale ishirini waliobaki wanajiona kwamba walikuwa wakifanya mazoezi kwa ajili ya wengine. Baada ya safari, hata wale kumi na wawili hawarudi uwanjani, kwa kuwa mashindano yamekwisha.

#8 Mzee wa Benchi

Mheshimiwa waziri, SHIMMUTA ni michezo ya watumishi wa mashirika ya umma. Mwanafunzi akionekana huko, ujue amekwisha kuajiriwa, tumpongeze. Chama cha michezo cha vyuo vikuu ni TUSA. Vyuo kama CBE, IFM na TIA vimezoea kukutana kwenye mashindano ya vyuo ya SHIMIVUTA.

#9 Mjumbe wa Zamani

Nashukuru kwa masahihisho. Wizara yangu haikuwa na bajeti ya kamusi.

#10 Raga ya Jioni

Nawasalimu kutoka Nairobi. Sikubaliani na Mwalimu kwamba urefu wa shahada ndio unaoua klabu, na nina ushahidi wa mlango wa jirani. Chuo Kikuu cha Nairobi kina klabu ya raga inayoitwa Mean Machine, iliyoanzishwa 1977 na kutwaa Kombe la Kenya mwaka huohuo, ikizipiga klabu za watu wazima wenye kazi na magari. Imekuwa ikibadilisha wachezaji wote kila baada ya miaka minne, kama chuo chochote, na bado ipo. Imewahi kushuka daraja ikapanda tena. Haikufa kwa sababu ina ligi inayoisubiri. Ratiba ya ligi haijali kama mwenyekiti wenu amehitimu: Jumamosi saa kumi mna mechi, na msipotokea mnapoteza pointi na faini juu yake. Klabu isiyo na mechi ya Jumamosi haina sababu ya kufanya mazoezi Alhamisi, hata ikiwa na katiba ya kurasa arobaini.

#11 Binti Kikapu

Kaka wa Raga amesema nililotaka kusema, nami naongeza upande wa Dar es Salaam. Katika ligi ya kikapu ya mkoa wetu, timu ya UDSM Outsiders inacheza na timu za mitaani na za majeshi. Katibu aliuliza kwa nini kikapu haifi na wavu unakufa: nadhani ni kwa sababu kijana wa kikapu hapa mjini ana mahali pa kwenda baada ya chuo na kabla ya chuo. Ametoka Don Bosco Upanga, anaingia chuoni, anatoka anaendelea. Chuo kwake ni kituo cha njiani, na klabu inapokea wachezaji waliokwisha kuiva. Kwenye wavu huenda mnaanza kufundisha watu kupokea mpira kila Novemba, na kazi hiyo inachosha.

Lakini niwatahadharishe juu ya ligi. Ukitaka kucheza nje ya chuo, hutambuliwi kwa barua ya mshauri wa wanafunzi peke yake. Vyama na klabu za michezo husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Sheria Namba 12 ya 1967, kwa msajili wake, na ombi linataka katiba, viongozi wenye majina na muhtasari wa kikao. Kisha unajiunga na chama cha mchezo cha mkoa na kulipa ada ya ligi. Sisi tulikwama hapo mwaka mzima kwa sababu viongozi walioandikwa kwenye fomu walihitimu kabla faili halijarudi, tukaambiwa tuanze upya na majina mapya.

#12 Mwalimu Filimbi

Dada amenisaidia bila kukusudia, maana faili lililokufa kwa sababu viongozi wamehitimu ni hesabu yangu ileile ya #3. Hata hivyo nakubali hoja ya ligi kwa nusu. Ile klabu ya Nairobi inayotajwa inalishwa na shule za sekondari zinazocheza raga kwa bidii, na wanaohitimu wanabaki mjini palepale, hivyo mtu wa zamani anaweza kuja mazoezini akitoka kazini. Chukua chuo kilicho mbali na mji, ambako anayehitimu anapanda basi na harudi tena, uniambie ni ligi gani itamwokoa.

#13 Baridi Yabisi

Salamu kutoka Uingereza, nilikosoma shahada ya pili na ambako magoti yangu yalinipa jina hili. Huku nako mwanafunzi wa kawaida anakaa miaka mitatu na klabu hazifi, kwa hiyo naomba nieleze nilichokiona badala ya kubishana.

Kwanza, Jumatano alasiri vyuo vingi havipangi vipindi, kwa desturi ya miaka mingi, ili mechi zichezwe. Ligi za vyuo zinasimamiwa na chombo kimoja, BUCS, kilichoundwa 2008 kwa kuunganisha viwili vya awali, na siku ya mechi ni hiyo Jumatano. Hakuna mhadhiri atakayekuuliza ulikuwa wapi. Pili, uandikishaji ni wa wiki moja ya maonyesho mwanzoni mwa mwaka: kila klabu ina meza yake ukumbini, unajaribu mazoezi mara moja au mbili bila malipo, kisha unalipa ada ya mwaka. Asiyelipa hachezi, na hakuna anayemdai mtu kando ya uwanja, jambo ambalo lingemfurahisha Mhasibu. Tatu, na hili ndilo naliona kubwa, kamati mpya ya klabu yetu ilichaguliwa Machi wakati ile ya zamani ingali madarakani hadi Juni. Kwa miezi mitatu niliketi pembeni ya mweka hazina nikimwona anavyoandika barua ya kuomba basi. Nilipoanza sikuwa mgeni wa chochote, isipokuwa baridi.

Na katika umoja wa wanafunzi kuna mfanyakazi wa kulipwa ambaye hahitimu. Yeye ndiye mwenye faili, ndiye mwenye ufunguo. Nahodha wetu wa wavu alitoka Ugiriki, mimi nilitoka Moshi, na kati ya wachezaji kumi na wawili Waingereza walikuwa wawili, lakini klabu ilikuwapo kabla yetu na ipo mpaka leo.

#14 Mkaa Getoni

Mkuu Baridi, Jumatano alasiri kwetu kuna kipindi cha watu mia nne kwa sababu ukumbi ulikosekana Jumatatu. Mwaka jana nilikuwa na semina Jumamosi saa mbili asubuhi. Ukipata chuo cha hapa kitakachofunga madarasa nusu siku kwa ajili ya mpira, niandikishe hata kama nitacheza golikipa.

Kwangu mimi sababu ni makazi. Mjomba wangu alisoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi ambazo karibu wote walilala bwenini, na anasimulia kwamba bweni lilikuwa timu kamili. Ukigongewa mlango saa kumi na moja jioni huna pa kujificha, kwa kuwa nahodha analala chumba cha pili. Sasa wengi wetu tumepanga mitaani. Mimi natumia daladala mbili kufika chuoni. Mazoezi yakiisha saa moja usiku nafika geto saa tatu, sijala, na nauli ya jioni ni ya kugombania. Mwaka wa kwanza nilipokuwa bwenini nilihudhuria mazoezi yote. Moyo wangu ni uleule, kilichobadilika ni kituo cha daladala.

#15 Mzee wa Benchi

Tumekuelewa. Ila mjomba wako na wenzake walikuwa wachache. Mlimani ilihamia pale kilimani mwaka 1964, na wanafunzi wa miaka ile ukiwalinganisha na wa leo ni kama darasa moja. Hosteli za Magufuli peke yake, zilizofunguliwa 2017, zilijengwa kwa ajili ya watu 3,840. Kwa hiyo bweni halijafa, bali limekuwa kubwa kiasi kwamba nahodha hakujui kwa jina.

#16 Pete na Wino

Nimesoma machapisho kumi na matano na hakuna hata moja lililotaja wanawake, ingawa Mkaa Getoni amepita karibu sana na mlango wetu. Yeye analalamika kufika geto saa tatu usiku. Sisi tukifika saa tatu usiku hatulalamiki tu, tunaacha klabu, na mzazi akisikia anatusaidia kuacha.

Nilikuwa nahodha wa mpira wa pete. Uwanja wenye taa chuoni kwetu ulikuwa mmoja, na ratiba yake ilisema soka ndogo ya wanaume saa kumi na mbili hadi saa mbili, pete saa kumi hadi saa kumi na mbili. Kwenye karatasi ratiba ile ilionekana ya haki. Lakini saa kumi wasichana wa sayansi walikuwa maabara, na saa kumi na moja na nusu wanaume walikuwa wamekwisha kuanza kunyoosha viungo ndani ya duara letu. Tulipata saa moja na robo, na wachezaji watano wakati mchezo unahitaji saba. Niliandika barua nne. Kilichotusaidia si barua, ila mama wa kantini aliyetupatia nyuma ya jengo lake sehemu ya sakafu ya saruji, tukachimbia goli moja.

Jambo la pili ni mavazi. Wenzangu watatu waliacha mwaka wa kwanza kwa sababu waliambiwa sketi fupi ndiyo sare na hakuna mjadala. Hakuna aliyewaeleza kwamba FIFA ya soka iliruhusu hijabu mwaka 2014 na FIBA ya kikapu mwaka 2017. Kama mashindano ya dunia yanaruhusu, bonanza la chuo linamzuia nani? Na wasiseme wasichana hawapendi michezo. Makerere walikuwa wenyeji wa mashindano ya dunia ya pete ya vyuo vikuu mwaka 2018, na waliocheza pale walikuwa wanafunzi kama mimi.

#17 Binti Kikapu

Dada Pete, asante. Kwetu tulilimaliza suala la usiku kwa kanuni moja, kwamba hakuna anayeondoka uwanjani peke yake, na klabu inalipa bajaji ya pamoja mpaka kituoni kutoka kwenye ile ada ya muhula. Inakula karibu theluthi ya fedha zote. Wanaume walinung'unika kwa wiki mbili, wakaona timu ya wanawake imejaa, wakanyamaza.

#18 Mbeba Maji

Niko Marekani, jimbo la Ohio, nikiwa mwaka wa tatu. Naona mjadala unachanganya vitu ambavyo huku vimetenganishwa. Kuna timu ya chuo, yenye kocha wa kulipwa na ufadhili wa masomo, iliyo chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo cha huku. Kuna klabu, inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe, inayosafiri kucheza na klabu za vyuo vingine. Na kuna michezo ya ndani ya chuo, ambapo wewe na wenzako wa bweni mnaandikisha timu Jumatatu na kucheza Jumatano bila kujua kanuni. Mimi niko klabu ya wavu. Sina ufadhili wowote, tunalipa ada wenyewe, tunaendesha magari wenyewe kwenda kwenye mechi, na mwenyekiti wetu ndiye anayepika tambi usiku wa safari.

Mheshimiwa waziri alieleza vizuri katika #7 kwamba klabu inavutwa pande mbili, lakini nadhani amewalaumu mabwana wakati kosa liko kwa klabu yenyewe. Ukifanya mchujo ukawaacha ishirini nje, wewe ni timu. Ukipokea kila anayekuja, wewe ni klabu. Huwezi kutoza ada watu thelathini kisha ukawapanga kumi na wawili walewale kila Jumamosi na kutarajia wale kumi na wanane wakupende. Sisi tuna kikosi cha kwanza na cha pili, na cha pili kina mechi zake.

#19 Mjumbe wa Zamani

Kijana wa Ohio, wazo ni zuri, lakini kikosi cha pili kinahitaji mpinzani wa pili. Chuo cha karibu na chetu kiko kilomita themanini, na kina mipira miwili.

#20 Bonde la Nakivubo

Wenzangu, nawasalimu kutoka Kampala. Hapa ligi ya soka ya vyuo vikuu ilianza 2012, ikiwa ya nyumbani na ugenini, na kilichoifanya ishike mizizi ni mashabiki. Mechi huchezwa ndani ya chuo, jioni, wanafunzi wakiwa wametoka darasani, wakiwa na ngoma na rangi. Mchezaji anayeshangiliwa na watu anaosoma nao hasahau mazoezi. Ila naongeza kwamba soka imekula kila kitu. Mdogo wangu ni mpiga makasia wa ndondi, yaani bondia, na klabu yao inafanyia mazoezi kwenye veranda.

#21 Mzee wa Benchi

Mpiga makasia wa ndondi! Nimesoma sentensi hiyo mara tatu. Kaka wa Kampala, huyo mdogo wako anapigana ziwani?

#22 Mhasibu Mpole

Kabla hatujaenda ziwani, nataka kusema jambo ambalo sote tunalikwepa, nalo ni jezi za siasa. Mwaka wangu wa pili mgombea urais wa serikali ya wanafunzi alituletea seti nzima ya jezi, jina lake likiwa mgongoni mahali pa namba. Tulifurahi. Akashindwa. Mpinzani wake alipoingia madarakani, maombi yetu yote ya usafiri yalikaa mezani mpaka muhula ukaisha, na hatukuwa na fedha za kununua jezi nyingine. Tulicheza mwaka mzima tukiwa tumebandika plasta nyeupe juu ya jina la mtu. Msaada wa mgombea mpokee kama ni mpira au wavu, ambao hauandikwi jina.

#23 Mwalimu Filimbi

Mhasibu amenikumbusha visa ambavyo sitavisimulia. Nirudi kwa Baridi Yabisi wa #13. Mfanyakazi asiyehitimu tunaye, ndiye mimi nilikuwa. Nilikuwa na faili za klabu kumi na moja kwenye kabati moja, na zilipotea zote ofisi ilipohamishwa jengo, kwa kuwa kabati lilibebwa na mtu aliyelihitaji kabati. Kwa hiyo faili peke yake siliamini. Ninachokiamini ni watu wa mwaka wa kwanza. Waliokuja kwa tangazo niliwaona wakipotea kabla ya Krismasi, na waliokuja wakiwa wameshikwa mkono na mtu wa bweni lao au kozi yao wakabaki. Katibu, usibandike tangazo. Mwambie kila mmoja wa hao saba aje na mmoja.

#24 Baridi Yabisi

Mwalimu, kwa heshima zote, kabati lililobebwa halithibitishi kwamba faili halina kazi, linathibitisha kwamba halikuwa na nakala.

#25 Raga ya Jioni

Nami bado nasubiri mtu anionyeshe klabu yenye mechi kila wiki iliyokufa.

#26 Mkaa Getoni

Ya kwetu. Futsali, mwaka juzi. Mechi zilikuwapo kila wiki, zote saa mbili usiku.

#27 Katibu wa Wavu

Wakuu, samahani kwa ukimya wa siku tisa, nilikuwa na majaribio ya darasani. Nimesoma yote, na Mwalimu, shikamoo, jana tulikuwa kumi na mmoja.

Kuhusu stoo: niliandika barua kwa mshauri wa wanafunzi, akatuma mlinzi kama shahidi, na fundi akakata kufuli. Mipira haikuwa sita bali minne, miwili kati ya hiyo ngozi imebanduka. Lakini juu ya rafu tulikuta daftari tulilodhani halipo. Lina majina ya miaka mitano. Dada Pete atapenda kujua kwamba miaka miwili ya mwanzo kulikuwa na wanawake kumi na tisa, na mwaka wa tatu, ratiba ya mazoezi ilipohamishwa kutoka saa kumi kwenda saa kumi na mbili, wakabaki wawili. Binti Kikapu naye ana haki, kwa sababu kuna rasimu ya barua kwa msajili ambayo haikumaliziwa. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi unasema mipira miwili na pampu vimeazimwa na klabu ya pete. Nimewauliza, wanasema klabu yao ilianzishwa mwaka huu.

#28 Pete na Wino

Kwa mara ya ngapi?

#29 Katibu wa Wavu

Sikuthubutu kuuliza. Jambo jingine: leo asubuhi nimepigiwa simu kutoka stendi ya Magufuli. Yule mwenyekiti wa Mbeya ametuma ufunguo kwa basi, na nimelipia kifurushi shilingi 5,000 kutoka mfukoni mwangu. Mhasibu, fedha hii nairudishaje wakati klabu haina akaunti?

#30 Mhasibu Mpole

Uliomba risiti?